Kitambaa Namba Arobaini na Moja

Mighareni, Hedaru
12 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Kama umesimama, kaa kwanza. Tumepata saini mia mbili na kumi na nne! Mwenyekiti Sifael alituambia tukifikisha mia mbili ataitisha mkutano mkuu wa kijiji kwa ajili ya hoja yetu peke yake, na nadhani alisema hivyo akijua hatutafika. Jana nimemwekea makaratasi mezani. Akahesabu, akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena. Alama nyingine za dole gumba zina unga wa mahindi, lakini zinahesabika. Mkutano ni Jumamosi tarehe moja Machi, uwanja wa shule, na kila mtu mzima wa kijiji atapiga kura juu ya sheria ndogo ya moshi. Mimi fundi cherehani nimeleta kura, baba! Tangu jana sindano inanichoma vidole, sitazami ninachoshona.

Wazee wa usharika huko Vunta wakikuuliza binti yako anagombana na nani, waambie sigombani na Loth, nagombana na matairi. Tanuri lake la chokaa lilipokuwa linachoma kuni tulivumiliana. Sasa mwaka wa pili huu linachoma matairi mabovu ya malori, kwa sababu hapa barabarani matairi ni rahisi kuliko kuni. Gauni la harusi nikilianika asubuhi, mchana nalianua lina madoa. Hayo ya gauni ningeyameza. Kifua cha Priska siwezi kukimeza. Nesi wa zahanati alinitazama machoni akaniambia, "Mama Priska, pumu ya mtoto huyu na moshi huu havikai nyumba moja." Ndiyo maana nikakuletea mtoto wakati wa Krismasi. Kitanda chake bado nimekitandika.

Basi hesabu yangu ni fupi. Kura ikipita, mwanangu anarudi. Isipopita, atasoma huko mpaka darasa la saba, nami nitakuwa mama wa sikukuu. Tangu marehemu mume wangu Zephania aondoke nina huyo mmoja tu.

Tatizo ni hili. Bwana afya wa kata anasema sheria bila kipimo ni maneno matupu: moshi kiasi gani ndiyo mwingi? Mashine ya kupimia hewa anayo nani hapa? Nikawaza usiku kucha, kisha nikacheka. Mimi kipimo changu ni kitambaa! Nitakata bafta nyeupe vipande arobaini, nitavipa namba, vitundikwe kwenye nyumba arobaini siku saba, tuone. Unaonaje, mwalimu?

Usinipigie simu kuhusu haya. Kwenye kundi letu la WhatsApp kuna mtu ana mkono mwepesi, tunachoandika asubuhi Loth anakisoma mchana. Mpe barua Paschal, gari lake linashuka kila siku ya gulio na yeye hasomi hata mabango ya barabarani.

Mwanao,
Irine


Vunta
16 Januari 2025

Irine mwanangu,

Marahaba. Nilikaa kama ulivyoagiza, na nikasimama mwenyewe nilipofika kwenye mia mbili na kumi na nne. Wapare tunasemwa kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Naona damu haijapotea. Marehemu mama yako angepiga vigelegele mpaka Myamba wakasikia.

Sasa tuache vigelegele. Nimefundisha sayansi miaka thelathini na nne, na huyo Loth alipita mikononi mwangu, darasa la sita, alikaa dirishani, mwepesi wa hesabu na mvivu wa kuandika. Atakuuliza swali moja tu: vyeusi kuliko nini? Vitambaa vyako vyote vikiwa vyeusi atasema ni vumbi, ni malori, ni mapenzi ya Mungu. Jaribio lisilo na cha kulinganishia si jaribio, ni umbea. Unahitaji kitambaa kimoja kilichokaa kwenye hewa safi, na hewa safi iko kwangu. Niletee cha arobaini na moja.

Na vyote vitundikwe kwa kanuni moja: pale mtoto anapokaa muda mrefu baada ya shule, usawa wa kichwa chake. Usitundike juu ya mti. Hewa ya juu ya mti inawahusu ndege.

Priska hajambo kabisa. Tangu apande hajakohoa hata mara moja. Hii ndiyo dawa ya mlima, haiuzwi dukani.

Baba yako,
Mwl. Nathanaeli

Mama shikamoo. Babu amesema niandike mistari mitatu. Nina rafiki anaitwa Asteria. Huku jioni baridi sana, babu anapika makande na mimi nasoma jikoni karibu na moto. Mistari imeisha. Priska


Mighareni
21 Januari 2025

Baba, shikamoo.

Hiki hapa, namba arobaini na moja, nimeitarizi kwa uzi mwekundu pembeni. Ni bafta ya robota moja na vile arobaini, haijaguswa na maji. Kitundike Alhamisi, kianue Alhamisi nyingine, kikunje, mpe Paschal. Hata kwa mkono usikipanguse.

Huwezi kuamini jinsi watu wanavyogombania vitambaa. Nilidhani nitabembeleza, kumbe nimekosa vya kutosha! Bibi mmoja ambaye sikumpa chake amenuna, hanisalimii. Nasieku amechukua namba ishirini na saba akaondoka nayo mpaka bomani kwao, kule tambarare mwisho wa kijiji. Ameniambia, "Irine, sisi hatuna moshi wa tairi, lakini ng'ombe wetu wanakunywa maji yanayopita tanurini. Tutakuja kupiga kura wote, hata wazee." Wamasai wa kitongoji kile wako zaidi ya sitini, baba. Sitini!

Loth naye amekuja dukani kwangu. Alibisha hodi kwa adabu, akakaa. Ameleta kazi: ovaroli thelathini na sita za wafanyakazi wake, nishone, na nyingine mwakani. Nikamuuliza, "Mzee wa kanisa, ni ovaroli au ni kura?" Akacheka. Hakukasirika, ndiyo tabu yake, mtu huyu ana adabu. Aliposimama akasema, "Mama Priska, watu thelathini na sita wanakula kwangu. Sheria yako inajua hilo?" Nikamwambia sheria yangu haifungi tanuri, inafunga matairi. Lakini usiku niliwaza kuhusu hao thelathini na sita.

Aliniuliza pia Priska anaendeleaje. Nikamjibu ulivyoniandikia, kwamba tangu apande mlimani hajakohoa hata mara moja. Akaaga, akaenda zake. Hilo ndilo nitakalosema mkutanoni, baba, hilo na kitambaa chako. Nikiyaweka pamoja, nani atabisha?

Mwanao,
Irine


Vunta
1 Februari 2025

Irine,

Marahaba. Kitambaa ndicho hicho. Kilikaa siku saba kama ulivyoagiza. Ni cheupe, kama unavyoona mwenyewe. Utakitumia upendavyo.

Mtoto hajambo. Nina kazi shambani, siandiki zaidi.

Baba yako,
Nathanaeli

Mama shikamoo. Maharage tumeanika na yamekauka siku mbili tu kwa sababu ya jua. Babu siku hizi anafua mwenyewe, hataki nimsaidie. Nimepata tisini na moja hesabu. Priska


Mighareni
5 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Hongera kwa Priska! Mwambie tisini na moja hiyo nimeibandika ukutani, juu ya cherehani.

Vitambaa vyote vimerudi, arobaini, hata kimoja hakijapotea. Tumevipanga kwenye kamba uwanjani kufuata umbali kutoka tanurini. Laiti ungeona. Vya karibu ni vyeusi vya kunata, ukivishika vidole vinabaki na mafuta. Kadiri unavyosogea vinafifia, vinafifia, mpaka cha Nasieku bomani, ambacho kina vumbi jekundu tu. Watu walipita mmoja mmoja kwenye ile kamba. Mama mmoja alishika cha kwake, namba tisa, kilichotundikwa juu ya kitanda cha mapacha wake, akaanza kulia waziwazi. Nami nikalia, halafu wote tukapandwa na hasira nzuri ya kazi. Siku ile tuliongeza majina tisini ya watu wanaoahidi kuja.

Cha kwako nimekiweka kando. Baba, swali dogo tu. Wiki ile kilipokuwa kimetundikwa, mvua ilinyesha huko?

Mwanao,
Irine


Vunta
8 Februari 2025

Irine mwanangu,

Marahaba. Ndiyo, ilinyesha. Mvua kubwa ya siku mbili. Ilikipiga kidogo kwa upande wa dirisha, lakini haidhuru matokeo.

Sasa zingatia haya kuhusu mkutano. Mwambie Sifael ahesabu akidi mapema, kabla watu hawajaanza kuchoka na jua. Mwambie Nasieku watu wake wakae mbele. Wewe usiongee zaidi ya dakika tano, na usilie, maana ukilia watakumbuka machozi watasahau hoja. Vaa viatu vya kufunga.

Baba yako,
Nathanaeli

Mama shikamoo. Mwalimu wetu amesema tumuombe Mungu mvua kwa sababu haijanyesha toka Krismasi, mahindi yamejikunja. Mimi na Asteria tunachota maji mbali. Jana usiku babu aliamka akanipa chai ya tangawizi. Priska


Mighareni
12 Februari 2025

Baba,

Shikamoo. Nimeandika shikamoo kwa sababu wewe ni baba yangu, lakini leo mkono mzito.

Bafta mpya ina wanga wa kiwandani. Ukiikunja inalia kama karatasi, ukiitundika inasimama. Vitambaa arobaini vimerudi na wanga wake, hata vile vyeusi, hata cha Nasieku chenye vumbi. Cha kwako kilikuwa laini kama leso ya kanisani. Nimekata nguo miaka kumi na tisa, baba, nilijua kabla sijakifungua vizuri. Kisha nikakinusa. Sabuni ya mche.

Nikajipa moyo kwamba ni mvua. Nikakuuliza, ukanijibu mvua ya siku mbili. Na chini ya jibu lako, kwa mwandiko wa mjukuu wako uliyemfundisha kuandika, kuna mahindi yaliyojikunja.

Wewe! Wewe uliyenichapa darasa la tano kwa sababu nilinakili urefu wa mche wa maharage wa mwenzangu badala ya kupima wangu. Nilikuwa naringa kwa kitambaa hicho. Nimewaambia watu karibu mia tatu kwamba kuna mahali, juu pale, ukiinua shingo unapaona, ambako kitambaa kinabaki cheupe na mwanangu hakohoi. Loth alikuwa na duka la vitambaa kabla ya tanuri. Akikigusa hicho kwa dole moja mbele ya watu, arobaini vyangu vyote vitakuwa uongo, na Priska atabaki huko mpaka darasa la saba.

Nambie ukweli. Ulikitundika au hukukitundika? Na ile chai ya tangawizi ya usiku ilikuwa ya nini?

Irine


Vunta
15 Februari 2025

Mwanangu Irine,

Nimeandika barua hii mara tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na maelezo mengi.

Nilikitundika. Nilifuata kanuni niliyoitunga mwenyewe, pale mtoto anapokaa, usawa wa kichwa chake. Priska anakaa jikoni. Unalijua jiko letu, mama yako aliliacha vile, mafiga matatu na dirisha la kupitisha paka. Makande hayaivi kwa saa moja, na huku jioni hakuna pengine penye joto. Siku ya pili kitambaa kilikuwa cha kijivu. Siku ya saba kilikuwa cheusi, mwanangu, kama cha nyumba iliyo jirani na tanuri. Nilikaa nacho mkononi kwa muda mrefu. Maisha yangu yote nimewaambia watu wa tambarare kwamba hewa ni ya kwetu. Nikachukua beseni.

Kuhusu kukohoa. Anakohoa. Si kama huko kwako, hajawahi kubanwa mpaka midomo ikabadilika, lakini jioni anakohoa, na usiku mwingine. Niliandika hajakohoa katika barua ya kwanza ili usihangaike. Kisha nikaona umelijengea hoja na sikuwa na ujasiri wa kulibomoa.

Na liko jingine, ambalo ndilo kubwa. Tangu mama yako afe, nyumba hii ilikuwa na sauti ya redio tu. Sasa kuna mtu ananiuliza kwa nini nyota hazianguki. Niliogopa ukijua utamchukua umpeleke kwingine, kwa shangazi yake Tanga au popote. Nilitaka abaki kwangu. Nimelidanganya jaribio kwa sababu nilitaka abaki kwangu, na ningekuwa mwanafunzi wangu mwenyewe ningejichapa.

Usipeleke kitambaa kile mkutanoni. Kitupe. Nisamehe.

Baba yako


Mighareni
18 Februari 2025

Baba, shikamoo.

Nimelia, nimekasirika, nimecheka peke yangu kwa ajili ya lile beseni, na sasa nimemaliza. Nimekusamehe, tuendelee, zimebaki siku kumi na moja!

Sikitupi. Nimewaza mpaka kichwa kimeniuma, na naona hivi: kama sheria yangu inaogopa kitambaa kimoja cheusi, haifai kuwa sheria. Nitawasimulia watu vyote.

Paschal anakuletea bafta nyingine. Nayo ni namba arobaini na moja. Itundike palepale jikoni, usawa uleule, leo hii hii, na mtoto alale na kusomea chumba cha mbele, ukimfunika mablanketi yote uliyonayo. Tarehe moja ushuke nacho wewe mwenyewe, mkononi, kama kilivyo. Nataka watu wasikie kwako.

Najua nakuomba nini. Mlimani na hapa, kila mtu anakuita Mwalimu.

Ukikosa kuja nitaelewa. Lakini njoo.

Irine


Mighareni
2 Machi 2025

Priska wangu mpenzi,

Marahaba, najua umeniamkia. Babu yako amelala hapa kwenye kitanda chako, miguu imetokeza nje, anakoroma. Atapanda na Paschal kesho, akupe barua hii mkononi. Nataka uisome kabla hajakusimulia yeye, maana atajipunguza.

Watu walijaa, mwanangu! Sifael alihesabu akidi saa nne, na saa nne na nusu akaacha kuhesabu. Wamasai walifika kwa mstari mmoja, Nasieku mbele na kitambaa chake amekifunga kwenye fimbo. Wafanyakazi wa tanuri walikaa pamoja na wake zao. Loth alivaa suti ya kanisani.

Nilisema dakika zangu tano. Sikulia. Nilipofika kwenye kitambaa cha mlimani nikasema, "Hiki mwenyewe atakisema." Babu akasimama. Sifael akamwambia kwa heshima, "Shikamoo mwalimu, lakini wewe si mkazi wa hapa, huna kura." Babu akajibu, "Marahaba. Kura sina. Nina kosa la kukiri, na hilo halihitaji ukazi."

Akainua vitambaa viwili. "Hiki cheupe nilikifua kwa sabuni nikamdanganya binti yangu. Hiki cheusi ndicho cha kweli, kimetoka jikoni kwangu Vunta, kilitundikwa pale mjukuu wangu alipokuwa akisomea." Sauti ilitetemeka kidogo, Priska, sijawahi kuisikia hivyo. Nilitaka kumkimbilia.

Loth akasimama upesi. "Mmesikia! Hata mlimani ni vyeusi! Basi tufunge na majiko ya mama zenu. Mwalimu, ulitufundisha mwenyewe, jaribio bila cha kulinganishia ni umbea." Watu wake wakapiga makofi. Nikaona kitanda chako kitupu mpaka darasa la saba.

Babu akamtazama kama unavyomjua. "Vizuri, Loth. Kumbe ulikuwa unasikiliza pale dirishani." Watu wakaangua kicheko, hata Loth. "Nimefundisha miaka thelathini na nne na jiko langu sikulipima. Wiki hii, baada ya kukianua hiki, nimetoboa paa, nimeweka bomba la bati, nimepanua dirisha la paka liwe la watu. Nilipoona moshi wangu, nikautoa. Wewe umeuona wako kwenye kamba ile pale. Unaufanyaje?"

Kabla Loth hajajibu, Nasieku akaja mbele na fimbo yake. "Cha kulinganishia mnatafuta? Hiki. Namba ishirini na saba. Kimekaa bomani siku saba, ng'ombe wamepita, upepo umepita. Kina vumbi. Vumbi ni letu, hatulikatai. Lakini weusi uko wapi?" Akakizungusha wakione. Hapo ndipo sheria ilipopata kipimo chake. Sifael akaiandika upya papo hapo, akaisoma: hakuna kuchoma tairi ndani ya mipaka ya kijiji, na kitambaa kipya kikitundikwa siku saba penye makazi ya watu kisizidi weusi wa namba ishirini na saba. Na kila jiko la nyumbani lipate njia ya moshi ndani ya mwaka mmoja. Hilo la mwisho ni la babu yako.

Kupiga kura ilikuwa kwa mistari. Wanaounga mkono goli la upande wa mlimani, wanaopinga goli la upande wa barabara. Mwanangu, mistari ilikuwa karibu sawa, wa kwetu mfupi kidogo! Nilihesabu nikapotea, nikahesabu nikapotea. Wake wa wafanyakazi walienda goli la barabara wakiwa wameinamisha vichwa, na sikuwalaumu. Sifael alikuwa ameshainua mkono aanze kuhesabu, ndipo mama Victoria, mke wa Loth, akatoka kwenye mstari wa mumewe. Akatembea uwanja mzima peke yake. Loth akaita, "Mama, unakwenda wapi?" Naye bila kugeuka: "Mashuka yangu, Loth. Miaka miwili nafua mara tatu tatu." Kwaya ya akina mama yote ikamfuata! Nilipiga ukelele nikauma ulimi.

Mia mbili ishirini na nane kwa mia mbili kumi na tisa. TUMESHINDA.

Loth alinijia baadaye. Hakunipa mkono, lakini aliuliza kama pumba za mpunga zitapita kwenye kipimo. Nikamwambia atundike kitambaa aone.

Sasa sikiliza. Hurudi leo wala kesho. Nitatundika kitambaa juu ya kitanda chako moto ukishabadilika, na kikipita, ndipo utarudi. Tumepigia kura kipimo, tukifuate.

Nakupenda,
Mama


Mighareni
11 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Halmashauri Same wamejibu kwamba sheria yetu wameipokea na itajadiliwa kwenye baraza. Muhuri bado, lakini mama Victoria hakusubiri muhuri. Tairi la mwisho lilichomwa Aprili. Loth sasa anachoma pumba kutoka mashine za mpunga za bondeni, ameongeza bomba juu ya tanuri, na wale thelathini na sita wote wako kazini. Ovaroli zao nazishona mimi!

Ndani ya bahasha kuna vitambaa viwili. Chenye muhuri wa kijiji ni kipande cha namba ishirini na saba, ndicho kipimo. Kingine kimekaa siku saba juu ya kitanda cha Priska. Mimi nimekitazama mpaka macho yameniisha. Asubuhi nakiona cheupe, jioni nakiona cheusi, kwa jinsi ninavyotaka arudi. Sifai kukipima.

Pima wewe. Wewe ndiye mwalimu. Ukisema kimezidi, abaki kwako, na sitakuuliza swali hata moja, wala kuhusu mvua.

Mwanao,
Irine


Vunta
22 Mei 2025

Irine mwanangu,

Marahaba.

Nimepokea vitambaa. Nilivipeleka nje saa tatu asubuhi kwenye jua, nikaviweka kwenye meza, nikaosha mikono kwanza. Nilimwita mwalimu mwenzangu mstaafu, Honorata, atazame bila kuambiwa kipi ni kipi. Nilikikunja cha kwako. Kimelia kama karatasi. Wanga upo.

Nitakueleza jambo kwa sababu nimeahidi kuacha kufua. Nilitamani kiwe cheusi. Nilikigeuza upande wa pili nikitafuta doa. Jiko langu sasa halina moshi, mtoto halali tena na kikohozi, anaweza kukaa hapa hata miaka kumi, na jana ameniuliza kama mwezi una upande wa nyuma. Nilisimama pale na kitambaa chako mkononi nikatamani kiwe cheusi.

Matokeo: si cheusi. Ni cheupe kuliko kipimo, Honorata naye amesema hivyo.

Shule zinafungwa tarehe sita Juni. Nimeshaomba karatasi za uhamisho. Namleta Jumamosi tarehe saba na gari la Paschal, yeye na maharage debe moja. Tandua kitanda kipigwe na jua.

Baba yako,
Mwl. Nathanaeli

Mama shikamoo. NAKUJA. Babu amesema niandike mistari mitatu lakini ameniachia ukurasa mzima halafu ametoka nje. Je, likizo ya Desemba naweza kurudi huku? Nimemtundikia kitambaa jikoni, namba arobaini na mbili, nimemwambia nitakuja kukiangalia mwenyewe na asikifue. Priska